HUKUMU HAIJAZI CHUNGU

Katika masjala za mahakama zetu zimo karatasi nyingi zilizopigwa mhuri, zisemazo kwamba baba fulani atatoa fedha kiasi fulani kila mwezi kwa ajili ya chakula, mavazi, matibabu na shule ya mtoto wake. Karatasi hizo ni halali. Zimeandikwa na mahakimu waliosikiliza pande zote mbili, wakapima, wakaamua. Lakini ukiuliza ni ngapi kati yake zinazoendelea kuleta fedha nyumbani mwezi wa tano baada ya hukumu kusomwa, hapo ndipo mazungumzo huwa mafupi.

Twataka leo kunena juu ya karatasi hizo, na hasa juu ya hali ilivyo katika Mkoa wa Singida. Tumeuchagua mkoa huo kwa sababu moja. Huko watu wengi hawaishi kwa mshahara wa mwisho wa mwezi. Wanaishi kwa alizeti, vitunguu, mtama, kuku, mbuzi na ng'ombe, na vijana wengi huishi kwa pikipiki, kwa udereva wa malori yapitayo kwenda Mwanza, au kwa kuchimba dhahabu. Ni katika maisha ya namna hiyo ndipo udhaifu wa kukusanya matunzo ya mtoto unapoonekana waziwazi.

Tuanze na sheria, maana wako watu wasemao kwamba kosa liko katika sheria. Zamani neno hilo lilikuwa la kweli. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa alitazamwa kwa sheria ya kikoloni ya mwaka 1949, na kiwango ambacho sheria ile ilimruhusu hakimu kumtoza baba hakikuzidi shilingi 100 kwa mwezi. Ulikuwapo wakati shilingi 100 zilikuwa fedha za maana. Wakoloni wakaondoka, bendera ikabadilishwa, fedha yenyewe ikabadilishwa na kushuka thamani, na shilingi 100 zile zikakaa pale pale katika kitabu cha sheria mpaka mwaka 2009, wakati ambapo hazikutosha hata kununua nusu kilo ya sukari. Mwanamke aliyefika mahakamani kwa sheria ile alikuwa akipewa haki ambayo haikulipa nauli ya kuifuata.

Bunge lilipopitisha Sheria ya Mtoto, Namba 21 ya mwaka 2009, aibu hiyo iliondolewa. Sheria hiyo haiulizi kama wazazi walifunga ndoa au hawakufunga. Yasema mtoto ana haki ya kutunzwa na mzazi wake, basi. Mwombaji aweza kuwa mama, au baba ikiwa yeye ndiye alelaye, au mlezi, au Afisa Ustawi wa Jamii, na hata mtoto mwenyewe kwa kupitia mtu mzima wa kumsimamia. Hakimu anatakiwa kutazama mapato na mali ya wazazi wote wawili, watoto wengine walio juu ya mabega ya mlipaji, na gharama za maisha za mahali mtoto anapokaa. Baba akikana mtoto, mahakama yaweza kuamuru vipimo vya kitaalamu. Amri yaweza kuwa ya malipo ya vipindi au ya mkupuo mmoja, na mapato au mali ya anayedaiwa yaweza kushikwa. Matunzo hufika hadi mtoto atimize miaka 18, na yaweza kuendelezwa kwa sababu ya masomo. Kabla ya hapo, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilikwisha kuweka wazi kwamba ni wajibu wa baba kutunza watoto wake, wawe kwake au wawe kwa mtu mwingine.

Kwa hiyo hatuwezi tena kusema kwamba sheria haipo. Iliyobaki ni kazi ya kukusanya.

Tutoe mfano wa kubuni ili jambo lieleweke. Tuseme mama mmoja anakaa katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Ikungi na watoto wawili. Baba yao yu hai, ana afya, ana shamba la alizeti na pikipiki ya kukodisha. Mahakama imeamuru atoe shilingi 60,000 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza analeta zote, tena anazileta mbele ya watu. Mwezi wa pili analeta nusu. Mwezi wa tatu simu yake haipatikani.

Mama huyo anakwenda kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa wilaya. Barua inaandikwa, baba anaitwa, haji. Anaambiwa sasa arudi mahakamani kuomba kukaza hukumu. Ombi linaandikwa, hati ya wito inatolewa, na hati hiyo yatakiwa imfikie baba mkononi. Mtendaji wa kijiji anasema kijana huyo alionekana wiki iliyopita, lakini sasa amekwenda machimboni, wengine wasema Geita, wengine wasema Chunya. Shauri linaahirishwa. Ikiwa kweli yuko mkoa mwingine, hukumu yapasa kupelekwa ikakazwe na mahakama ya huko, na jalada husafiri polepole kuliko mtu. Na mama wa Ikungi ana nafuu, yuko karibu na mji. Anayekaa Rungwa, kusini kabisa mwa mkoa, kuifikia mahakama ya wilaya Manyoni ni safari ya kuacha shamba na watoto kwa jirani.

Sasa tutazame hesabu. Deni ni shilingi 60,000. Mama amekwisha kutumia nauli mara tatu au nne, na siku kadhaa za kilimo wakati wa palizi. Akifanikiwa, mwezi unaofuata deni lingine linazaliwa, la kiasi kile kile, na safari inaanza upya. Hapa ndipo twaona kiini cha jambo lote. Utaratibu wa kukaza hukumu za madai uliundwa kwa ajili ya deni la duka: mfanyabiashara anamdai mwenziwe, anashinda kesi, anakamata mali mara moja, wanaachana. Deni la mtoto si la namna hiyo. Hilo huzaliwa kila mwezi kwa muda wa miaka hata 18, na mdai wake ni mtu asiye na wakili, asiye na akiba, na ambaye hawezi kungoja, maana anayengoja kweli ni mtoto.

Kuna baba ambaye utaratibu huu humpata vizuri sana: ni mwalimu, muuguzi, karani wa halmashauri, askari, mfanyakazi wa kampuni. Amri hufika kwa mwajiri, mshahara unakatwa kabla haujamfikia, na mama hana haja ya kumpigia mtu simu. Tunasifu jambo hilo. Lakini matokeo yake ni kwamba mwalimu wa shule ya msingi, ambaye mshahara wake wajulikana na kila mtu, analipa mpaka senti ya mwisho, na jirani yake mwenye mashine ya kukamua alizeti na malori mawili, ambaye mapato yake hayaandikwi popote, anasema hana kitu. Tumesikia watumishi wakilalamika juu ya jambo hili, na malalamiko yao twayaona ni ya haki.

Mali ya mtu kama huyo, au ya yule kijana wa pikipiki, yaweza kukamatwa na kuuzwa na dalali wa mahakama. Sheria, kwa busara, haimruhusu dalali kuchukua vyombo vya kupikia, matandiko na zana za kazi, wala vile ambavyo mahakama inaona mkulima hawezi kuishi bila navyo, kama mbegu na maksai wa kulimia. Hatuna ugomvi na hilo. Tabu ni kwamba vilivyobaki huhama upesi. Dalali akifika, pikipiki ni ya kaka, mbuzi ni wa mjomba, mashine ni ya mke mdogo. Na dalali naye hufanya kazi kwa malipo. Kumpeleka mpaka kijiji cha ndani cha Mkalama kwa ajili ya mbuzi wawili ni gharama ambayo mbuzi wenyewe hawaitoshi.

Basi afungwe, wasema watu wenye hasira. Nasi twaielewa hasira hiyo. Lakini msomaji atazame jinsi kifungo hicho kinavyokuwa. Katika utaratibu wa kawaida wa kesi za madai, mdaiwa akipelekwa gerezani kwa deni, yule anayemdai ndiye atakiwaye kuweka mahakamani posho ya chakula chake. Yaani mama aliyekosa shilingi za kulisha watoto aambiwa kwanza alishe baba yao gerezani. Na siku baba atakapotoka, deni halikufutwa, ila yeye hakuvuna wala hakuendesha pikipiki muda wote huo. Kifungo cha namna hii chafaa kwa mtu mwenye fedha aliyezificha, ambaye usiku mmoja wa mlango wa chuma humkumbusha alipoziweka. Kwa maskini hakizai kitu.

Iko pia njia ya jinai. Sheria ya Mtoto yaweka adhabu ya faini isiyozidi shilingi 5,000,000, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili, kwa mtu anayevunja haki za mtoto zilizotajwa humo, na kutunzwa ni mojawapo. Adhabu hiyo ina makali. Lakini faini haiendi kwa mtoto, huenda kwa Serikali. Mtu akitozwa faini iliyommaliza mfukoni, mtoto atakuwa amelipiziwa kisasi na kubaki na njaa ile ile.

Hatupendi kuonekana kama tunaowashtaki wanaume wote. Kuna baba asiyenacho kweli. Mwaka wa ukame katika nchi zetu za kati mkulima aweza kuvuna debe tatu, akawa na wake na wazazi wa kulisha. Mtu huyo hakamuliwi. Sheria yamruhusu kurudi kwa hakimu na kuomba kiwango kipunguzwe, na afanyavyo hivyo afanya kiungwana. Kinachokatazwa ni kunyamaza na kukimbia. Asiyeweza na asiyetaka ni watu wawili mbalimbali, na njia ya kuwatenganisha ni mmoja kufika mahakamani na kusema, na mwingine kutafutwa.

Tena kuna baba asemaye, "Kwa nini nitoe fedha, nami mtoto mwenyewe sionyeshwi?" Jibu ni kwamba haki ya kumwona mtoto ni ombi jingine mbele ya hakimu yule yule, na mama anayemficha mtoto bila sababu aweza kuamriwa. Lakini tumbo la mtoto halifungwi kwa ugomvi wa wakubwa. Wala hatuwasahau akina mama wachache ambao wamewaacha watoto kwa baba na kwenda zao mjini. Wao pia ni wazazi, na mapato yao pia hutazamwa.

Kuna desturi moja ambayo hatuna budi kuitaja, ingawa twajua itawaudhi baadhi ya wazee. Baba hukaa kimya miaka yote ambayo mtoto anahitaji uji, nguo na dawa. Mtoto akitimiza miaka saba au minane, akiwa sasa aweza kuchunga, baba anatokea na ndugu zake kudai mtoto wa ukoo. Ikiwa ni binti, hutokea baadaye kidogo, wakati ng'ombe wa mahari wanapokaribia. Wako wanaoitetea tabia hii kwa jina la mila. Wazee wetu walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na hatujapata kumwona mzee mwenye heshima aliyewafundisha vijana kwamba mtoto huchukuliwa kama shamba lililolimwa na mwingine. Sheria ya Ndoa yachukulia, mpaka ithibitishwe vinginevyo, kwamba mtoto wa chini ya miaka saba afaa kukaa na mama yake. Wengine wameisoma kana kwamba siku ya kutimiza saba ni siku ya kumtwaa. Si hivyo. Baada ya umri huo pia hakimu huangalia manufaa ya mtoto, na twashauri kwamba baba anapokuja kudai mtoto, jambo la kwanza kuulizwa liwe hesabu ya matunzo ya miaka iliyopita.

Je, lifanyike nini? Mataifa mengine yamekutana na shida hii, nayo hayakuimaliza. Uingereza ilianzisha mwaka 1993 idara nzima ya kukusanya fedha za watoto, ikalemewa na madeni na malalamiko mpaka ikabidi ibadilishwe. Australia tangu mwaka 1988 iliwatumia watoza kodi. Sisi twaona mfano ulio karibu nasi zaidi ni wa Afrika ya Kusini. Sheria yao ya matunzo ya mwaka 1998 iliweka mahakamani maafisa wa matunzo, na pamoja nao wachunguzi ambao kazi yao ni kumtafuta mdaiwa na kujua ana nini. Hatusemi kwamba huko hakuna wadaiwa sugu, wapo wengi. Tunasema kwamba huko mama hakuachiwa peke yake kazi ya upelelezi.

Hapa kwetu fedha za kuajiri jeshi jipya la maafisa ni chache, nasi hatuombi lisilowezekana. Twaomba kwanza kwamba kila mahakama inayotoa amri za matunzo iwe na daftari la amri hizo, na mtu mmoja mwenye wajibu wa kulitazama kila mwezi. Malipo yapite kwa namba ya malipo ya simu inayojulikana na mahakama, kama yapitavyo malipo mengine ya Serikali, ili kusiwe na ubishi wa nani alitoa na nani hakutoa. Serikali yetu imekwisha kujua jinsi ya kumtoza dereva faini ya barabarani kwa namba hiyo, awe Manyoni au awe Shelui. Haiwezi kushindwa kumtoza dereva huyo huyo uji wa mtoto wake. Na miezi miwili ikipita bila fedha kuonekana katika daftari, mahakama yenyewe, kwa mkono wa Ustawi wa Jamii, imwite baba bila kungoja mama apande basi. Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, wataka Serikali ichukue hatua zote zifaazo ili matunzo yapatikane kutoka kwa wazazi. Ahadi ile ilitolewa na Serikali, haikutolewa na mwanamke wa Ikungi.

La pili lawahusu mahakimu, na halihitaji sheria mpya. Kumwamuru mkulima wa alizeti alipe shilingi 60,000 kila tarehe mosi ni kumtengenezea deni, kwa sababu Februari hana kitu na mwezi wa Juni anazo laki kadhaa zinazomalizika kabla ya Septemba. Kwa kuwa sheria yaruhusu mkupuo, amri ifuate msimu. Sehemu kubwa itolewe wakati wa mavuno, pamoja na magunia ya nafaka ikiwa pande zote zimekubaliana hivyo, na kidogo kinachobaki kigawanywe katika miezi. Pale ambapo mazao huuzwa kwa njia ya chama cha ushirika, amri ya kushika mapato ipelekwe kwa chama kabla ya siku ya malipo, kama ipelekwavyo kwa mwajiri. Mchimbaji naye na mwenye lori wana watu wanaowalipa, na watu hao wanajulikana.

La tatu ni juu ya posho ya mfungwa. Katika madai ya matunzo ya mtoto, gharama hiyo iondolewe kwa mama. Hili lahitaji Bunge au wenye kutunga kanuni, na wabunge wa Singida wangefanya vizuri kulianzisha wao.

Watendaji wa vijiji na kata nao wasikie. Hati ya mahakama inapofika mezani kwao si barua ya salamu. Mtendaji anajua ni nani amehama na ni nani amelala nyumba ya pili, na akiandika "hakuonekana" juu ya mtu aliyemwona jana mnadani, amemnyima mtoto chakula kwa kalamu ya umma. Wasaidizi wa kisheria, waliotambuliwa na sheria ya mwaka 2017, wako katika wilaya nyingi, na akina mama wasiojua kuandika ombi la kukaza hukumu wawaendee, kama wanavyoweza pia kuliendea Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi.

Alizeti ya Singida huvunwa kati ya mwezi wa Mei na Julai. Twawasihi mahakimu na Maafisa Ustawi wa Jamii wa Singida, Iramba, Mkalama, Ikungi na Manyoni wayafungue majalada ya matunzo yaliyolala, waandike majina ya wadaiwa na vijiji vyao, na hati za wito ziwe zimekwisha kufika kabla gunia la kwanza halijapimwa kwenye mizani.